Neno dogo 'on' lilivyomkosesha kaka yangu kazi: Historia ya vitenzi vyenye mkia

WIKI jana mwalimu mmoja wa Kiingereza, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, alinipigia simu jioni akiwa na malalamiko. Alikuwa amewapa wanafunzi wake wa Kidato cha Tatu zoezi la kutunga sentensi kwa kutumia 'put off', 'put out' na 'put up with'. "Prof," akaniambia, "hawa watoto wanaandika insha zenye maneno makubwa makubwa, lakini ukiwapa 'put' na 'off' wanazama. Si haya ni maneno ya darasa la kwanza? Shida ni nini?"

Nilimjibu kwamba shida si watoto. Nikamwahidi kumjibu kikamilifu katika safu hii, kwa sababu swali lake ni la historia kabla ya kuwa la sarufi. Ambacho sikumwambia ni kwamba swali hilo lina kidonda kwangu. Hebu nianzie hapo.

Barua ya mwaka 1974

Mwaka 1974 nilikuwa Kidato cha Pili, na kijijini kwetu nilikuwa ndiye msomaji wa barua. Barua yoyote ya Kiingereza iliyotoka posta ililetwa kwetu nyumbani, nami nikaifungua mbele ya watu na kuitafsiri kwa madaha. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameachia masomo darasa la saba ili karo kidogo iliyokuwapo inisomeshe mimi. Alikuwa amefanya kibarua kwa miezi kadhaa katika kampuni moja mjini, akatofautiana na msimamizi kuhusu malipo ya saa za ziada, akarudi nyumbani. Hasira zilipotulia, aliandikiwa barua na karani wa sokoni kuomba ajira ya kudumu palepale.

Jibu lilikuja wakati wa likizo ya Agosti. Lilikuwa na mistari mitatu iliyopigwa taipu. Mstari wa kati ulisema kampuni ilikuwa tayari 'to take you on' mwanzoni mwa mwezi uliofuata.

Nilijua 'take'. Nilijua 'on'. Na 'take on' nilikuwa nimeiona mara nyingi katika kurasa za michezo za magazeti yaliyofungiwa sukari dukani: Gor Mahia 'to take on' Abaluhya Jumapili. Yaani wakabiliane uwanjani. Basi nikamtafsiria kaka kwa sauti ya mtu anayejua: kampuni inasema iko tayari kukukabili mwanzoni mwa mwezi. Watu wakanyamaza. Mama akauliza kama wangekuja na polisi. Kaka hakungoja mwezi uanze. Alikwenda kukaa kwa shangazi ng'ambo ya mto, akatulia huko.

Shule zilipofunguliwa sikumwambia mtu. Ilipokaribia mapumziko ya katikati ya muhula ndipo nilipomsimulia mwalimu wangu wa Kiingereza, nikitaka kujua kama kampuni inaweza kumshtaki mtu aliyedai haki yake. Aliniomba niirudie sentensi ile. Nikairudia. Hakusema kitu. Alinipeleka maktabani, akafungua kamusi ya Hornby kwenye neno 'take', akateremsha kidole safu baada ya safu mpaka akafika: 'take on', kuajiri.

Kumbe kaka alikuwa ameajiriwa. Alipofika mjini, nafasi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Vitenzi vyenye mkia

Vitenzi vya aina hiyo Waingereza huviita 'phrasal verbs'. Mimi darasani huviita vitenzi vyenye mkia. Unachukua kitenzi kifupi cha kila siku kama 'take', 'put', 'get' au 'come', kisha unakifungia nyuma yake kijineno kama 'on', 'up', 'off' au 'out'. Vikikutana huzaa maana ambayo mara nyingi haimo katika kitenzi wala katika mkia.

Dai langu leo ni kwamba ugumu wa vitenzi hivi una historia, na sehemu ya historia hiyo ni watu wenye nia njema waliotaka kurahisisha Kiingereza, wakaishia kuuficha mzigo ndani ya maneno madogo. Pili, anayezungumza Kiswahili ana dawa ya tatizo hili mdomoni mwake tayari, ila shule haijawahi kumwambia hivyo.

Mkia ulipokuwa kichwa

Katika Kiingereza cha kale, kile cha Waanglo-Saksoni, vijineno hivi mara nyingi vilikaa mbele ya kitenzi, vikiwa vimeshikamana nacho kama viambishi awali. Mabaki yake bado tunayo: 'overcome', 'withstand', 'understand', 'forgive'. Baadaye vikahamia nyuma, na ndipo mikia ikaota.

Mambo mawili makubwa yalitokea. Kwanza walikuja Waskandinavia. Mwaka 793 walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mwanzoni walikuja kupora, baadaye wakaja kukaa, wakalima na kuoana na wenyeji. Lugha yao, ambayo ilikuwa na mazoea ya kuweka vijineno nyuma ya kitenzi, iliwaachia Waingereza maneno ya kawaida kabisa. 'Take' ni neno lao. 'Get' ni lao. 'Call' pia ni lao. Kabla ya hapo Mwingereza aliyetaka kuchukua kitu alisema 'niman'. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kiasi gani cha mtindo wa mikia kilitoka kwa wageni hao na kiasi gani kilikuwa kikijiotea chenyewe nyumbani. Lakini kufikia karne ya 12, watawa wa Peterborough, ambao kumbukumbu zao za matukio zinaishia mwaka 1154, walikuwa tayari wakiandika 'give up' kwa maana ya kusalimisha.

Kwa hivyo neno lililomponza kaka yangu lilifika Uingereza kwa majahazi ya maharamia. Halikuwa na ukoo huko. Nilipojifunza jambo hilo chuoni, nilicheka peke yangu maktabani.

Pili, mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza. Kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama, na Kilatini kikabaki lugha ya kanisa na elimu. Kutoka huko Kiingereza kilipokea 'enter', 'descend', 'continue', 'extinguish'. Lakini mkulima, mpishi na mlezi wa watoto waliendelea na yao: 'go in', 'go down', 'go on', 'put out'. Nyumba ya Kiingereza ikawa na sehemu mbili. Sebuleni wanazungumza kwa maneno marefu ya Kifaransa na Kilatini. Jikoni wanazungumza kwa vitenzi vyenye mkia. Hadi leo barua rasmi itakuambia mkutano umekuwa 'postponed', na mtu yuleyule aliyeiandika, akiwa anakunywa chai, atakuambia umekuwa 'put off'.

Hapo, mwalimu wangu, ndipo penye jibu la swali lako. Watoto wetu huingia nyumba ya Kiingereza kwa mlango wa sebuleni. Wanakutana nacho katika vitabu, mitihani na matangazo ya ofisi. Jikoni hawajawahi kukanyaga. Hakuna nyanya aliyewakaripia kwa Kiingereza wamalize uji, wala mjomba aliyewaambia kwa lugha hiyo wazime taa. Ndiyo maana 'postpone' kwao ni rahisi na 'put off' ni mlima.

Wala si watoto wa Kenya peke yao. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mashuhuri mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba mtindo huu wa kubadilisha maana ya kitenzi kwa kukifuatishia kijineno ndio unaowapa wageni taabu kubwa kuliko yote, akajitahidi kuikusanya mifano yake. Kinachoshangaza ni kwamba jina 'phrasal verb' lilichelewa sana kuenea. Lilipata umaarufu mwaka 1925 katika kitabu cha Logan Pearsall Smith, Mmarekani aliyehamia Uingereza, naye akasema amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Yaani wenyeji walitumia vitenzi hivi kwa mamia ya miaka bila jina linalojulikana na wengi, kama mtu asivyohitaji jina la misuli ya mguu ili atembee. Anayehitaji jina ni mgeni anayejifunza kutembea.

Maneno 850

Miaka mitano baada ya kitabu cha Smith, yaani mwaka 1930, Mwingereza C. K. Ogden alitangaza mradi wake wa Kiingereza cha Msingi. Alitaka dunia nzima iwasiliane kwa Kiingereza cha maneno 850 tu. Katika maneno hayo, vitenzi vilikuwa 18, miongoni mwao 'come', 'go', 'get', 'give', 'keep', 'make', 'put' na 'take'. Mradi ulipata sifa kubwa. Winston Churchill aliusifu hadharani katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1943, na mwaka 1946 serikali ya Uingereza ikanunua hakimiliki yake kwa pauni 23,000.

Sasa jiulize: utaishije na vitenzi 18? Ogden alikuwa na jibu. Usijifunze 'enter', sema 'go in'. Usijifunze 'extinguish', sema 'put out'. Kitenzi kimoja kinabebeshwa mikia na kufanya kazi ya vitenzi kumi. Kwa Mwingereza, hiyo ilikuwa nafuu kweli, maana mchanganyiko huo ameunyonya na maziwa ya mama. Kwa mgeni, orodha ilikuwa fupi kwa jicho tu. 'Put' na 'out' zilihesabiwa kama maneno mawili anayoyajua tayari, kumbe 'put out' ni neno la tatu ambalo hakuna aliyemfundisha. Michael West, mwalimu aliyefundisha Kiingereza kwa miaka mingi huko Dhaka, aliukosoa mradi huo pamoja na wenzake mwaka 1934. Yeye alikuwa amewafundisha watoto wa kigeni darasani. Alijua kwamba mtoto hajifunzi maumbo ya maneno, anajifunza maana.

Aliyefanya kazi ya kutusaidia kwa dhati ni A. S. Hornby. Alikwenda Japani katika miaka ya 1920 kufundisha Kiingereza, akaona kamusi za Waingereza zinamwacha mwanafunzi njiani. Kamusi aliyoitunga na wenzake kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na Oxford wakaitoa upya mwaka 1948. Haikueleza maana tu. Ilionyesha neno linatumikaje na linafuatana na nini. Ndiyo hiyo iliyofunguliwa mbele yangu maktabani. Baadaye, mwaka 1975, Cowie na Mackin walitoa kamusi nzima ya vitenzi vyenye mikia. Ingetoka mapema kidogo, huenda kaka angeishi maisha mengine.

Kimea ukutani, kibao shingoni

Hapa Kenya, mwaka 1957, kituo maalumu kilianzishwa Nairobi kutayarisha mbinu mpya ya kufundisha watoto wa shule za msingi kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mbinu hiyo ilienea haraka baada ya uhuru, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1966, wimbi likiwa juu.

Nitasema haki: mwanzo ulikuwa mzuri. Mwalimu alisimama na kusema 'stand up', akakaa na kusema 'sit down', akavaa kofia na kusema 'put on', akaivua na kusema 'take off'. Tulifuata kwa miili yetu na tukashika. Mkia ulikuwa bado na maana ya mahali: juu, chini, ndani, nje. Picha za ukutani, za maharage yanayomea na watoto wanaopanda miti, zilitosha.

Taabu ilianza mkia ulipoacha mahali na kuingia mawazoni. Utachoraje 'give up'? Utaigizaje 'put up with'? Hapo mbinu ya vitendo ilikwisha, tukapewa orodha. Vitenzi vyenye mkia viliandikwa ubaoni upande wa kushoto na maana kulia, tukavikariri usiku mmoja kwa ajili ya mtihani wa CPE, na baada ya mtihani vikayeyuka kama umande. Hadi leo, katika sehemu ya sarufi ya mtihani wa Kiingereza wa KCSE, swali la vitenzi hivi hutokea mara kwa mara, na mbinu ya wengi bado ni ileile ya orodha na usiku mmoja.

Na wakati huohuo, aliyenaswa akizungumza lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza adhabu za namna hiyo katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, na wengi wa rika letu tunaweza kuongeza shuhuda zetu. Madhara ya kibao kile yamezungumzwa sana kwa upande wa heshima ya mtoto. Mimi naongeza moja linalohusu Kiingereza chenyewe: ufunguo wa kuvielewa vitenzi hivi ulikuwa katika lugha zetu, na lugha zetu zilikuwa zimefungiwa nje ya lango.

Dawa iko mdomoni

Ufunguo gani? Nao ni mnyambuliko wa vitenzi. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, hubadilisha maana ya kitenzi kwa kukiongezea kipande nyuma. Sisi nasi tuna mikia, ila yetu imeshonewa kwenye neno, ya Waingereza inaning'inia.

Tazama jozi hizi. Enda ni 'go', endelea ni 'go on'. Shika ni 'hold', shikilia ni 'hold on'. Tupa ni 'throw', tupilia mbali ni 'throw out'. Ngoja ni 'wait', ngojea ni 'wait for'. Lia ni 'cry', lilia ni 'cry for'. Tazama ni 'look', tazamia ni 'look forward to'. Hata kitenzi tulichokipokea kutoka Kiarabu tumekifungia mkia wa Kibantu: fikiri ni 'think', fikiria ni 'think about'. Ni kama Waingereza walivyokipokea 'take' kutoka kwa Waskandinavia wakakipa kazi mpya.

Kauli ya kutendua nayo? Ukianika nguo, Mwingereza anasema ume'hang out'. Ukianua, ume'take in'. Ukivaa koti ni 'put on', ukivua ni 'take off'. Mtoto aliyetumwa na mama yake kuanua nguo mvua ikinyesha, hakuchanganyikiwa na kuanza kuzianika. Kipande kidogo mwishoni mwa neno kilimwambia kila kitu. Akili ya kushughulikia mikia anayo tangu utotoni.

Tena tusijidhanie kwamba sisi hatuwatesi wageni. Mgeni anayejifunza Kiswahili hufunzwa kwamba piga ni kumchapa mtu. Kisha anasikia tumepiga simu, tumepiga picha, tumepiga pasi, tumepiga deki, tumepiga magoti na tumepiga kura. Maskini, anafikiri nchi nzima ni ya wagomvi! Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, ina orodha ndefu ya matumizi ya piga, na ukiisoma unahisi jasho la aliyeikusanya. Sisi hatuioni shida hiyo kwa sababu tumelelewa jikoni mwa Kiswahili.

Hata makosa yetu ya Kiingereza yana mantiki ukiyatazama kwa jicho hili. Mkenya husema hukum'pick' simu badala ya 'pick up', kwa kuwa kwetu kupokea simu hakuhitaji kusema kama mkono ulikwenda juu au chini. Kisha yuleyule anaongeza mkia pasipohitajika na kusema ana'cope up with' maisha. Ameona mikia inapenda kukaa nyuma ya vitenzi, akaamua kukihurumia kilichokosa. Mwalimu mwerevu hatamcheka. Atamwonyesha kanuni aliyoifuata, kisha atamwonyesha mahali ilipokoma.

Jinsi ya kujifunza na kuzoea

Sasa tufike kwenye mazoezi, maana mwalimu wangu hakunipigia simu ili apewe historia peke yake.

Kwanza, usiogope wingi. Mwaka 2007 Gardner na Davies walichunguza hazina ya Kiingereza cha Uingereza ya maneno milioni 100 na kukuta kwamba vitenzi 20 tu, vikiungana na vijineno 8, ndivyo vinavyobeba zaidi ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi hivi. Anza na hivyo ishirini. Viwili au vitatu kwa siku, si hamsini kwa usiku.

Pili, panga kwa mkia badala ya kichwa. Orodha zetu hukusanya 'put off', 'put out' na 'put up with' pamoja kwa kuwa zote zina 'put', na ndiyo maana zinachanganyana. Kusanya badala yake zile zinazoshiriki mkia. 'Up' mara nyingi ni kumaliza kabisa: 'eat up', 'drink up', 'use up'. 'On' mara nyingi ni kuendelea: 'go on', 'carry on', 'keep on'. 'Off' mara nyingi ni kutengana au kukatiza: 'cut off', 'break off', 'call off'. Nasema mara nyingi, sisemi daima. Lakini mwanafunzi aliyeona mpango atakumbuka zaidi ya aliyekariri bahati nasibu.

Tatu, kumbuka nafasi ya kiwakilishi. Unaweza kusema 'put out the lamp', lakini ukitumia 'it' lazima useme 'put it out'. Wanafunzi wengi hukosea hapo. Waambie hivi: Kiswahili nacho huitia yambwa tumboni mwa kitenzi. Tunasema nilizima taa, lakini niliizima. Nomino inabaki nje, kiwakilishi kinaingia ndani. Kisha waonye kwamba vipo visivyopasuliwa, kama 'look after', vinavyosema 'look after it'. Hivyo vijifunze ndani ya sentensi, kimoja kimoja.

Nne, usikwepe. Mwaka 1985 Dagut na Laufer walionyesha kwamba wanafunzi wanaozungumza Kiebrania, lugha isiyo na vitenzi vya aina hii, walivikwepa na kutumia vile vya neno moja. Wanafunzi wetu hufanya vivyo hivyo. Wape mchezo: mmoja aseme sentensi ya sebuleni, mwenzake aigeuze iwe ya jikoni. Mkutano umeahirishwa, moto umezimwa, ombi limekataliwa. Dakika kumi kila Ijumaa zinatosha.

Tano, someni gazeti zima. Kitenzi kimoja chenye mkia kina maana kadhaa, na kila maana ina ukurasa wake. 'Take on' ya ukurasa wa michezo ni kukabili. Ile ya ukurasa wa biashara ni kuajiri, au kubeba mzigo kama deni. Kosa langu la mwaka 1974 halikuwa kutojua 'take on'. Niliijua, lakini kwa ukurasa mmoja tu. Mwanafunzi aandike daftarini sentensi nzima aliyoikuta, mahali alipoikuta na nani alikuwa akimwambia nani.

Chumba kimoja cha walimu

Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili ni somo la lazima lenye mtihani. Mwalimu wa Kiswahili hufundisha kauli za vitenzi kipindi cha tatu. Mwalimu wa Kiingereza hufundisha vitenzi vyenye mkia kipindi cha nne, kwa watoto walewale. Wawili hao hunywa chai meza moja na hawajawahi kuambiana kwamba wanafundisha jambo moja. Mtaala umebadilika tena, nasi tunazungumza kuhusu umilisi. Sijui umilisi mkubwa kuliko wa mtoto kuitumia lugha anayoijua kufungua asiyoijua.

Kaka yangu hakunilaumu hata siku moja. Alirudi shambani, akauza mahindi, na nilipoingia Kidato cha Tatu akaja shuleni akiwa amebeba kamusi ya Hornby imefungwa kwa karatasi ya kaki. Akanipa na kusema, "Shika. Barua yangu nyingine ikija, isome na hii." Barua nyingine haikuja. Kamusi bado ninayo.

Basi, mwalimu wangu, kesho ukirudi darasani usiwaambie watoto kwamba 'put' na 'off' ni maneno ya darasa la kwanza. Waambie ni maneno yenye miaka zaidi ya elfu moja, yaliyomsumbua Johnson na kumdanganya Ogden. Kisha mwombe mwenzako wa Kiswahili aingie nawe dakika kumi, aandike ubaoni neno enda na neno endelea, nawe uandike 'go' na 'go on' kando yake.